Mbele Mahameli

…na kulabu ya kwanza ni hii hapa, chini ya kidevu, imejificha nyuma ya kola, naigusa kwa ncha ya kidole, ndogo, ya baridi, ingawa chumba chenyewe kinachemka, na Bibi Ermegaard bado ananitazama kwa tabasamu lake la mwenye nyumba, Vua joho hilo, mwanangu, anasema, mbona unajipika bure, humu ndani huna ugeni tena, na Bibi Hilleborg, shangazi yake Eiler anayenichumbia, anadakia huku mdomo umejaa keki ya asali, Anayebaki na joho nyumba hii ni mgeni au ni adui, basi wote wanacheka, ni utani, najua ni utani, hata mimi nimecheka, nimecheka vizuri kabisa, kidole kikiwa kwenye kulabu na kulabu haifunguki kwa sababu siifungui, nimesema, Imenasa kidogo, Bibi, naye amesema, Polepole basi, usije ukaichana kola, kola nzuri kama hiyo, na kweli kola ni nzuri, Mama aliitia wanga mwenyewe akaikunja kunjo kwa kunjo kwa chuma cha moto mpaka vidole vikababuka, kola haina neno, mikono ya gauni haina neno, kofia ina lulu zake, mbele yangu yote haina neno, laiti binadamu angekuwa na upande mmoja tu, mimi leo ningekuwa mchumba wa kusifiwa Jutlandi nzima… mbele ni mahameli, nyeusi, nzito, ya Italia, ile ambayo binti wa mfanyabiashara akionekana nayo anavuliwa barabarani maana sheria haimruhusu, ni yetu sisi, watu wa ngao na ukoo, ndiyo inayotutambulisha kabla hatujafungua mdomo, na joho la juu limeshonwa liachie wazi hapo mbele, kuanzia kiunoni hadi kwenye vidole vya miguu, pembetatu, watu wanaiona pembetatu hiyo wanajua kwamba chini ya joho kuna gauni zima la mahameli, na hakuna gauni zima, kuna pembetatu tu, na nyuma yake, kuanzia mabegani hadi visiginoni, kuna blanketi la farasi.

Si blanketi kama la farasi, hapana, ni la farasi, la Brunte, yule mwekundu, marehemu Baba alimpenda kuliko sisi, na Brunte mwenyewe keshaondoka pamoja na wenzake wote, zizi tupu, likabaki blanketi, zito, la rangi ya majivu, Mama akalikung'uta uani akasema, Hili lina joto, litakufaa, na mahameli ni koti la Baba, alizikwa bila koti kwa sababu Mama alisema mbinguni hakuna baridi, nikadhani ni huzuni inasema, kumbe alikuwa ameshapima kwa macho itatoka pembetatu ngapi… kubana si kosa, kila mtu anabana, hata wenye nacho huweka nyuma hariri nyepesi au kitani kizuri na hakuna anayesema kitu, lakini kuna kubana na kuna hiki tulichofanya sisi, nilimwambia, Mama, je nikiambiwa nivue, akacheka, akaniambia pini zikiwa mdomoni, Nani amwambie mgeni avue, tangu lini, na kwao visiwani ni hivyo kweli, mgeni akivua joho kabla hajaolewa ni utovu wa adabu, amekulia huko, anajua adabu za huko zote, nani atangulie mlangoni, nani abebewe mkia wa gauni na nani aubebe mwenyewe, akadhani dunia nzima ina adabu moja, na hapa Vesterholt siku ya kukubaliana wanaume wakishaingia ukumbini kuzungumza, wanawake wanajifungia chumba chenye jiko la kuota moto, mwenye nyumba anavua joho lake wa kwanza, kisha binti anayeolewa, kisha mama yake, kisha wengine, ndiyo maana yake kwamba tumekuwa damu moja, asiyevua amekataa, Bibi Ermegaard amelieleza hilo kwa furaha kabisa huku akitoa mikono yake kwenye joho, na nikamwona Mama akiacha kutafuna.

Wamevua wote sasa, isipokuwa mimi na Mama, wamekosea utaratibu kwa ajili ya joto, Hilleborg hakungoja, alisema, Nitayeyuka mimi, akalitupa joho lake kwenye benchi, na yule binamu bubu wa pembeni naye akavua, wamekaa na magauni yao wanajipepea, na jiko la vigae liko mgongoni kwangu, nimekalishwa hapa kwa heshima, mahali pa joto zaidi ni pa bibi harusi, na joto linaingia kwenye joho, linapita, linalifikia blanketi, na blanketi linakumbuka… naisikia mwenyewe, kwanza nilidhani ni wasiwasi, sasa hapana, ni jasho la Brunte, la miaka na miaka, linapanda taratibu kupitia kwenye kola yangu nzuri, harufu ya zizi, ya hatamu, ya mkojo uliokauka kwenye majani, na Hilleborg ameinua pua, ana pua ndefu huyu, imejengwa kwa kazi hii, amesema, Jamani, kuna nini humu, kama vile kuna mnyama, na Bibi Ermegaard akawa mwekundu, yeye, mwenye nyumba, akaona aibu badala yangu, akainama chini ya meza, Ni huyu, ni huyu mzee, alilala zizini tena, toka, toka wewe, akamtoa mbwa, mbwa mkubwa wa kijivu ambaye alikuwa amelala zake na hakumkosea mtu, akamsukuma kwa kiatu mpaka nje, mbwa akageuka mlangoni akanitazama, mimi, si mwingine, Mungu wangu, hata mbwa anajua, mlango ukafungwa na Bibi Ermegaard akaniambia, Tusamehe mwanangu, utadhani tunaishi kama wakulima, nikasema, Hapana Bibi, sikusikia kitu, nikatabasamu, nimetabasamu mbwa wa watu akiwa kwenye theluji.

Halafu Hilleborg aliinuka kuchukua lozi kwenye kabati na mimi nikamkazia macho, kwa sababu nilikuwa nimeshajipa tumaini, nilikuwa nimegundua wote wamekaa migongo ukutani, hakuna aliyegeuka tangu avue, nikasema moyoni, labda, labda na wao pia, labda nchi nzima tumekaa migongo ukutani na kila mtu analichunga gunia lake, na nilitaka kucheka kwa raha, nikamtazama akiinuka, geuka, geuka mama, nikaomba, akageuka, na nyuma yake ilikuwa mahameli, yote, kuanzia shingoni inashuka tu, imekunjwa makunjo ya bure ambayo hakuna aliyepaswa kuyaona, nyeusi mpaka chini, akawa anatafuta lozi huku inameremeta, na nikajua tumaini langu lilikuwa la kitoto, wao wanacho, sisi hatuna, ndiyo hivyo tu… akarudi na bakuli, akanikuta bado na kidole shingoni, akasema, Bado tu, hiyo kulabu imeota mizizi, nije nikusaidie, akanyoosha mkono, nikarudi nyuma, nilirudi nyuma haraka mno, bega likagonga kigae cha moto, nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, Nahisi baridi, Bibi.

Baridi! akasema, na wakati huohuo tone la jasho likatoka chini ya kofia likashuka shavuni likaingia kwenye kola, wote wakalisindikiza kwa macho, kola ikanywea pale lilipoingia, kunjo moja likalala, na wakatazamana, wanawake wanaofikiria kitu kimoja na kila mmoja anangoja mwenzake akiseme, sikuelewa, naapa sikuelewa, nilidhani ni kola, na Bibi Ermegaard akaniuliza kwa upole sana, Asubuhi unakula vizuri, mwanangu? nikafurahi kuulizwa jambo la kawaida, nikajibu kama mjinga, Leo sikula, Bibi, nimetapika njiani, na ilikuwa kweli, gari la theluji la kuazima liliyumba kutoka kwetu mpaka hapa na usiku nilikuwa nimekula samaki wa chumvi, nikaongeza, Hata jana sikujisikia vizuri, nikitaka huruma, nikitaka aseme basi baki na joho lako, na ndipo nikaona macho ya Hilleborg, hayako usoni kwangu, yako chini, kwenye pembetatu, hayatazami mahameli, yanatazama kilichopo nyuma yake, kwa sababu mwanamke gani mwenye akili anakataa kuvua joho pana penye moto kama huu, siku kama hii, anahisi baridi huku anatoka jasho, anatapika asubuhi, mwanamke gani, ni mmoja tu… wanadhani nina mimba.

Na hapa ndipo, hapa ndipo sitaki kukumbuka na ni sasa hivi tu, bakuli lililokuwa mkononi mwa Hilleborg bado liko mkononi mwake, hapa ndipo nilipopata nafuu, ndiyo, nafuu, nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo, kwa sababu kumbe hawajui, hawafikirii blanketi, wako mbali kabisa na blanketi, na mkono wangu wa kushoto, huu, uliokuwa umelala pajani, uliinuka wenyewe ukakaa tumboni, juu ya mahameli, ukakaa pale kama wanavyokaa wao, mikono ya wenye mimba, hakuna aliyeufundisha, niliuweka pale waamini, binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi hata kushikwa kiuno na mwanamume nje ya ngoma, niliona ni afadhali waseme malaya kuliko waseme maskini, na sikuchukua hata muda kufikiri, ni kitu kilichokuwa tayari ndani yangu, kimekaa kinangoja, nani aliniwekea… nimeuondoa mkono, umerudi pajani, lakini wameuona.

Hilleborg anasema, anasema na bakuli la lozi kana kwamba anazungumza na lozi, Kwenu kanisani mna mchungaji kijana, nasikia, Rasmus, eti anakula kwenu kila Jumapili, na mimi nataka kucheka na kutapika tena, Rasmus, Rasmus anayeogopa mabata bukini, pua yake haikauki Agosti wala Januari, anapita mlango wa nyuma wa nyumba yetu kwa sababu bata wamelala kwenye ule wa mbele, huyo ndiye ameniharibu, na halafu kicheko kinakauka, maana Rasmus ni mtoto wa seremala, na mtu wa chini akisemwa kamgusa binti wa ukoo hakuna anayekuja kumuuliza kuhusu bata, kule Tinghøj mtunza farasi alikatwa kichwa na binti akafungiwa kwa kaka yake mpaka leo, anakula peke yake, na hakuna aliyeona chochote, ilianza hivihivi, bibi mmoja anaongea na lozi, kwa hiyo nageuka kumtazama Mama, Mama atasema, Mama ana ulimi, mwaka jana tu alimtoa nduki baba mmoja mwenye mashamba tele kwa sababu alinitazama kifuani wakati wa sala, Mama atainuka ameshika bilauri atasema, Mwanangu ni msafi, na anayesema vingine aje asimame mbele yangu, namngoja, jamani namngoja, naona ametua bilauri, amefuta midomo, anatabasamu, anasema, Tumwache mchungaji wa watu, Hilleborg, vijana ni vijana, na Eiler mwenyewe alikuja kwetu wakati wa mavuno, akalala siku tatu.

Amesema hivyo. Amesema kwa sauti yake ya mezani.

Hajasema ninayo, Mama hasemi uongo, yeye anaweka kweli mbili ubavu kwa ubavu halafu anatazama pembeni, na Bibi Ermegaard hakasiriki, laiti angekasirika, anahesabu, midomo inatikisika, mavuno, sikukuu ya Mikaeli, ya Watakatifu Wote, uso unalainika, ananitazama kwa jicho la mtu aliyeanza kunipenda kwa ajili ya kitu ambacho hakipo, na anafungua mlango anamwambia mtumishi, Kamwite Eiler, mwambie mama yake anamtaka, sasa hivi, sasa hivi! akafunga, akakaa, akanishika goti, Usiogope, anasema, hata mimi, lakini hamalizi, Hilleborg anakohoa… na Eiler atakuja, atapita kwenye mlango huu mwembamba na ile suruali yake iliyojazwa sufu mpaka anatembea kama amebeba maboga mawili, kwetu alipokuja aliangusha kinara nayo, akainama kukiokota akaangusha kingine, na mezani kola yangu ilipoingia kwenye supu na wote wakajifanya hawajaona, yeye alinitazama, akachukua kola yake mwenyewe, ya lesi, akaichovya kwenye supu yake polepole kabisa, akaendelea kula, ndiyo hayo tu yaliyopita kati yetu siku tatu za mavuno, kola mbili kwenye supu, na usiku nililala nikicheka ndani ya mto, kwa hiyo najua atakavyofanya, ndilo linaloniua, mama yake atamuuliza, Ni wako? naye atanitazama aone nimekaa hapa mwekundu, natoka jasho, na macho ya wote yamenikalia, atadhani nimeangukia supu kubwa zaidi, na atasema ndiyo, ni wangu, hatauliza, atalichovya jina lake kwa ajili yangu, na harusi itaharakishwa, na baada ya Pasaka tumbo litakuwa limelala tu, kama lilivyo, naye atajua kwamba alisema kwa ajili yangu uongo ambao hata mimi sikuuhitaji, atakaa na mwanamke huyo mpaka kufa… na akisema hapana, akisema kweli tupu kama mtu yeyote ana haki ya kusema, basi ni Rasmus, hakuna njia ya tatu, kuna kulabu.

Ni kulabu tu, Sidsel. Fungua. Sita, saba, chini mpaka kiunoni, joho lidondoke, geuka, waone, watacheka, Hilleborg atacheka mpaka lozi zimpalie, wataisimulia kuanzia hapa mpaka Ujerumani, binti aliyekuja kuchumbiwa amevaa matandiko, Eiler labda hatanioa, au baba yake hatakubali, sawa, sawa, kwani nani alikufa kwa kuchekwa, watu hawafi, wanataka kufa lakini hawafi, na kichwa cha Rasmus kitabaki na pua yake, fungua, na nageukia Mama nimwambie kwa macho kwamba nafungua, na Mama anasema bila kutikisa midomo, anaweza, alikuwa akifanya hivyo kanisani, Usithubutu.

Usithubutu, Sidsel… na hasira inanipanda, nasema moyoni maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, wewe, umeniuza, umeona afadhali niitwe kahaba, umeona afadhali mtu akatwe shingo, kuliko Hilleborg aone kitambaa, ni kitambaa, Mama, hata si dhambi, ni kitambaa, na ndivyo ninavyomtazama, kwa chuki, sijawahi kumtazama hivyo, na kwa sababu namtazama namwona, anakaa wima mno, hajaegemea kiti, hajaegemea tangu tulipoingia, na mkono wake mmoja umeshika joho lake hapo ubavuni, umelishika kwa ndani, vifundo vimekuwa vyeupe, na ndipo, polepole, kama mtu anayeamshwa, nakumbuka utaratibu, mwenye nyumba, kisha binti, kisha mama wa binti.

Kisha Mama.

Na mimi najua kilichopo nyuma ya Mama, hakuna mwingine anayejua, koti la Baba lilitoa pembetatu moja tu, ya pili ya Mama ilitoka kwenye mto wa kiti cha kanisani, na blanketi lilikuwa moja, nilimwuliza, Na wewe nyuma utaweka nini, Mama? akasema, Mimi ni mzee, wazee hawageuki, akacheka, nikacheka, sikuuliza tena, nilikuwa najitazama kwenye kioo, mbele, na asubuhi alipokuwa ananifunga nilimwona upande, nyuma ya Mama hakuna kitu, hakuna gauni, pembetatu imeshikizwa kwa kamba kiunoni kama aproni ya mpishi, na mgongoni ni shati lake la kulalia, shuka lenye viraka, mifupa ya bega inaonekana, na amekaa kwenye gari la theluji hivyo, kutoka kwetu mpaka hapa, upepo unatoka baharini, alinipa ngozi ya kondoo akasema yeye anasikia joto, nikaichukua, niliichukua, mimi niliyevaa blanketi zima la farasi… kwa hiyo si Hilleborg anayemtisha, wala si mimi anayenilinda, wala si mimi anayeniuza, au ni vyote, sijui tena, najua tu kwamba nikifungua kulabu hii namvua mama yangu mbele ya watu, mzee, mwenye ngao kumi na sita za ukoo upande wa baba yake, amesimama na shuka, na nikiacha kufungua, mtu mwingine atavuliwa zaidi ya hapo, na aibu niliyokuwa nayo mwanzo, ile ya blanketi, naitafuta siioni, ilikuwa kubwa sana punde hivi, nimeona aibu ya kitu kilichonipasha joto, na mwenye baridi alikuwa mbele yangu nikamwita jina baya moyoni, hiyo ndiyo aibu, hii sasa ndiyo yenyewe, inauma mahali pengine kabisa, na haifichwi na joho.

Kuna sauti kwenye ukumbi mdogo, ni Eiler, anamwuliza mtumishi kama kuna mgonjwa, mtumishi anasema hajui, ametumwa tu, kitu kinaanguka, kitakuwa kinara, anasema, Samahani, sijui anamwambia nani, pengine kinara, na Hilleborg anasema, Huyo anakuja, tutajua sasa, na Bibi Ermegaard ameondoa mkono wake gotini pangu, amenyooka, anataka ajue yeye kwanza kabla mwanawe hajaingia, na anasema tena, bila utani sasa, bila mwanangu, Vua joho, Sidsel, na mimi niko palepale, kidole kiko palepale, kulabu ileile chini ya kola, ila imepata joto la kidole changu, na ninayo maneno, yamekaa ulimini yamepangwa, sina mimba, Bibi, nimevaa blanketi la farasi, mbwa wako hana kosa, kisha nitageuka mwenyewe, mgongo wote, wanitazame mpaka waridhike, nitasimama kati yao na Mama niwe mpana nitakavyoweza, nitamtupia joho langu kabla lake halijafika chini, ndivyo ninavyoweza, zaidi siwezi, lakini kwanza ajue, asikie kwangu si kwa wengine, kwa hiyo namtazama, si kwa chuki, Mama, nisamehe, na Mama anaelewa, anatikisa kichwa, hapana, mara moja tu, kidogo sana hata lulu za kofia hazikutikisika, hapana, mwanangu, halafu macho yake yanashuka kutoka usoni kwangu mpaka kwenye mkono wangu, yanakaa hapo, anauona hautoki, na anajiweka sawa kwenye kiti, mama yangu, anasogeza bilauri mbali na ukingo wa meza ili isije ikamwagika, anainua mkono wake shingoni, na anaanza kuitafuta kulabu yake.